Dungusi Pipa: Mmea wa Jangwani Ndani ya Chungu cha Nyumbani

Ukipita mjini kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, huenda umeona mmea mmoja wa ajabu. Hauna matawi. Hauna majani. Ni wa mviringo kama boga, una mifereji kutoka juu mpaka chini, na umefunikwa na miiba ya rangi ya dhahabu. Ukiuliza bei, utaambiwa inategemea unene. Ukiuliza umri, muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Mmea huo ni aina mojawapo ya dungusi. Wengine huliita kakati. Kwa sababu ya umbo lake, hapa tutaliita dungusi pipa. Siku hizi watu wanalipanda kwenye vyungu barazani, na wako wanaokusanya aina nyingi mpaka baraza linajaa. Tutaeleza linatoka wapi, linaishije bila mvua, na jinsi ya kulitunza. Pia tutaeleza kwa nini kuna watu waliopata matatizo na polisi kwa ajili ya mmea huu usioliwa.

Kwao ni wapi?

Madungusi ni ukoo mkubwa wenye aina zipatazo 1,500. Asili yao ni bara la Amerika. Hapa Afrika iko aina moja tu inayoota yenyewe porini. Hiyo ni nyembamba kama kamba, haina miiba mikali, nayo huning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu. Wataalamu wengi wanadhani mbegu zake zililetwa na ndege. Nyingine zote tunazoziona hapa zililetwa na watu, pamoja na mpungate unaopandwa kuwa ua.

Madungusi yenye umbo la pipa huota Mexico na sehemu za kusini-magharibi ya Marekani, kama vile jimbo la Arizona. Lile la miiba ya dhahabu, ambalo ndilo linalouzwa zaidi, kwao ni katikati ya Mexico, katika majimbo ya Querétaro na Hidalgo. Huota kwenye miamba na kingo za makorongo makavu. Jina lake la kitaalamu lilitolewa kwa heshima ya Hermann Gruson. Huyu alikuwa mwenye viwanda katika mji wa Magdeburg, Ujerumani, aliyependa sana kukusanya mimea ya namna hii. Baada ya kufa kwake mimea yake ilipewa mji, na mwaka 1896 nyumba zake za vioo zilifunguliwa ili watu wote waingie kutazama. Kwa hiyo kazi hii ya kuweka madungusi kwenye vyungu si mpya. Ina zaidi ya miaka mia moja.

Usilichanganye na mnyaa

Hapa lazima tusimame kidogo, maana jambo hili linahusu macho ya watoto wetu.

Watu wengi wakiona mmea wa nyikani wenye mwili mnene na miiba husema ni kakati. Mara nyingi si kweli. Nchini kwetu tunayo minyaa, ile inayopandwa kuzunguka maboma. Inasemekana hata jina la Ziwa Manyara limetokana na neno la Kimaasai la mnyaa. Tunayo pia ile miti mikubwa ya nyikani yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha taa. Hiyo ni ukoo mwingine kabisa.

Njia ya kutofautisha ni hii. Mnyaa na ndugu zake wakikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni sumu. Ukiingia jichoni unaweza kuleta maumivu makali, na hata kumpotezea mtu uwezo wa kuona kwa muda au daima. Ukiingia, osha jicho kwa maji mengi safi bila kukawia, halafu nenda zahanati. Dungusi pipa halina maziwa. Maji yake ni mepesi. Tena ukitazama miiba yake utaona inatoka kwa vikundi, na kila kikundi kimeota juu ya kijito kidogo chenye manyoya, mfano wa kitufe. Mnyaa hauna kijito hicho.

Linaishije bila mvua?

Jambo hili linastaajabisha, na ukilielewa utajua kulitunza bila kukariri masharti.

Mmea wa kawaida hupoteza maji mengi kupitia majani. Mahindi yakipigwa na jua la saa nane mchana hujikunja. Dungusi limeacha kabisa kuwa na majani. Majani yake yamekuwa miiba. Miiba hiyo hulinda mmea usiliwe na wanyama, na pia huutilia kivuli kidogo. Kazi ya kutengeneza chakula imehamia kwenye mwili wenyewe, na ndiyo maana mwili ni wa kijani.

Mwili huo ni ghala la maji. Ile mifereji uliyoiona haikuwekwa kwa urembo. Mvua ikinyesha, mizizi ambayo imetandaa karibu na uso wa ardhi hunywa haraka sana, na mwili hutanuka, mifereji ikafunguka kama kinanda cha kuvuta kwa mikono. Wakati wa kiangazi maji hupungua, mifereji ikajikunja tena. Ngozi haipasuki.

Tena lipo jambo la usiku. Kila mmea una matundu madogo sana ya kuvutia hewa. Mimea mingi huyafungua mchana. Dungusi huyafunga mchana na kuyafungua usiku, wakati kuna baridi na maji hayapotei upesi. Hewa linayoivuta usiku hulihifadhi mwilini, kisha mchana linaitumia pamoja na mwanga wa jua kutengeneza chakula, huku milango imefungwa. Basi ni kama mama mwenye busara anayechota maji alfajiri kabla jua halijawaka.

Huko Arizona yako madungusi pipa ambayo huinamia upande wa kusini, mpaka watu huyaita dira. Nchi hiyo iko kaskazini, na kwa muda mwingi wa mwaka jua liko upande wa kusini. Upande wa mmea ulio kivulini hukua upesi kuliko upande unaochomwa, kwa hiyo mmea mzima unalala polepole kuelekea jua. Kwetu jua hupita karibu na utosini, kwa hiyo usitafute njia kwa dungusi.

Iko hadithi inayopendwa kwamba msafiri mwenye kiu jangwani akikata dungusi pipa atakuta maji ya kunywa kama dafu. Si hivyo. Ndani kuna nyama laini yenye ute, na aina nyingi zina asidi inayosokota tumbo na kutapisha. Mtu mwenye kiu akitapika, kiu inazidi.

Chungu na udongo

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko kopo au ndoo ya plastiki, kwa sababu kinapumua na kukauka upesi. Lakini hata kopo la rangi linafaa kama limeoshwa vizuri na kutobolewa. Matundu ya chini ni lazima. Chungu kisicho na tundu ni kaburi la dungusi. Ukubwa wake uzidi mmea kwa upana wa vidole viwili kila upande, basi. Wengi hupenda kuweka mmea mdogo kwenye chungu kikubwa wakidhani utakua haraka. Udongo mwingi hushika maji mengi, nayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.

Udongo wa bustani peke yake haufai, maana hushikamana na kushika maji. Changanya sehemu moja ya udongo wa juu wa shambani, sehemu moja ya mchanga wa mtoni ulio mnene, na sehemu moja ya changarawe ndogo au tofali la kuchoma lililopondwa. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Samadi mbichi pia usiweke. Ukitaka kujua kama mchanganyiko wako ni mzuri, ulowanishe, ukamate mkononi na kuufinya. Ukiachia mkono, udongo uvunjike wenyewe. Ukibaki donge kama la ugali, ongeza changarawe.

Kupanda dungusi lenye miiba kunahitaji akili kuliko nguvu. Kunja gazeti lililokwisha somwa mara tatu nne mpaka liwe kama mkanda, lizungushe kwenye mmea, kisha shika ncha mbili za mkanda huo. Mmea mkubwa tumia gunia. Ukishapanda, usimwagilie siku hiyo. Ngoja kama wiki moja ili vidonda vya mizizi vikauke. Hapa ndipo wengi wanapokosana na mmea, maana tumezoea kwamba mche ukipandwa ni lazima umwagiliwe hapo hapo.

Maji

Madungusi mengi ya vyunguni hayafi kwa kiu. Yanakufa kwa kunyweshwa mno. Namna nzuri ni hii: mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha acha kabisa mpaka udongo ukauke wote, juu na ndani. Chomeka kijiti chembamba mpaka karibu na kitako, kiache kidogo, ukichomoe. Kikitoka na udongo wa unyevu, ngoja. Wakati wa joto huenda ikawa mara moja kwa wiki mbili. Wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, hasa nyanda za juu kama Mbeya, Njombe au Limuru, mara moja kwa mwezi inatosha, na pengine isihitajike kabisa.

Masika ni adui mkubwa zaidi. Mvua ya wiki nzima mfululizo dungusi hili haliijui kwao. Liweke chini ya upenu ambapo jua linafika lakini mvua haifiki. Wale wanaoishi Bukoba au visiwani, ambako mvua ni nyingi, upenu si wa masika tu.

Kuhusu jua, usilichukue dungusi lililokuwa kivulini kwa muuzaji ukaliweka juani siku hiyo hiyo. Litaungua. Alama ya kuungua ni baka jeupe au la njano ambalo halifutiki tena. Lizoeshe, asubuhi tu kwa wiki ya kwanza, kisha uongeze. Kama lipo barazani na mwanga unatoka upande mmoja, ligeuze robo duara kila baada ya wiki chache ili lisilale upande.

Mpungate unaweza kuuzidisha kwa kukata kipande na kukichomeka. Dungusi pipa sivyo. Kwa kawaida halitoi machipukizi pembeni, kwa hiyo huzaliwa kwa mbegu. Mbegu ni ndogo na nyeusi. Kausha udongo wako motoni kwenye sufuria kuukuu ili kuua ukungu na mbegu za magugu, uache upoe, uloweshe kidogo, kisha nyunyiza mbegu juu bila kuzifukia. Funika kwa kipande cha kioo na uweke mahali penye mwanga lakini si jua kali. Baada ya wiki moja mpaka tatu utaona vitone vya kijani. Vikishaota, fungua kioo kidogo kidogo kila siku.

Halafu uwe na subira. Baada ya mwaka mzima mmea wako utakuwa na ukubwa wa punje ya hindi au harage. Baada ya miaka mitano labda ujae kiganja. Lile la dhahabu huchukua zaidi ya miaka kumi, mara nyingi karibu ishirini, kabla ya kutoa maua yake ya njano utosini. Mtoto atakayezaliwa siku unapopanda mbegu anaweza kuwa amemaliza shule kabla ya ua la kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba utatajirika upesi kwa kilimo cha madungusi, na kwamba ulipie mbegu kwake leo leo, muulize ameshavuna mara ngapi.

Faida ya daftari

Mkusanyaji wa kweli ana daftari. Kila mmea unapewa namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye kipande cha bati kwa msumari, kisha kinachomekwa chunguni. Wino wa kalamu hufutwa na jua. Ndani ya daftari andika jina, ulikotoka, siku uliyoupanda, siku za kumwagilia, na kipimo cha unene kila mwaka. Ukizungusha uzi kwenye mmea na kuupima kwa rula, unapata hesabu ya kujifunzia wewe na watoto.

Nasema hivi kwa sababu wengi mlioingia madarasa ya watu wazima huniambia kwamba mkishahitimu mnakosa kitu cha kuandika. Hiki hapa kitu cha kuandika, na kitadumu miaka ishirini.

Magonjwa si mengi. Wapo vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, ndugu zao wale wanaoshambulia mihogo. Hujificha kati ya mifereji na hata kwenye mizizi. Zungushia pamba kwenye kijiti, chovya kwenye spiriti, na uwaguse mmoja mmoja jua likiwa limetua. Kuoza ni hatari zaidi. Ukiona kitako cha mmea kimekuwa laini na cha kahawia, ung'oe, kata sehemu iliyooza kwa kisu safi mpaka ufikie nyama safi, na uuache ukauke kivulini kwa wiki mbili au zaidi. Baadhi huota mizizi tena. Mengine hapana.

Miiba ikikuchoma, itoe na uoshe kidonda kwa sabuni. Kama umeingia ndani na una udongo, nenda zahanati kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Weka vyungu mahali ambapo mtoto anayejifunza kutembea hawezi kuangukia.

Mengi vyunguni, machache porini

Sasa tufikie lile la polisi.

Dungusi la dhahabu limejaa duniani. Limepandwa kwa mbegu katika vitalu vya nchi nyingi, na hakuna anayeweza kuyahesabu yote. Lakini huko kwao Mexico limo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Katika miaka ya 1990 lilijengwa bwawa la umeme la Zimapán, katika mpaka wa Querétaro na Hidalgo. Maji yalipopanda yalifunika sehemu ya makorongo ambamo mimea hiyo ilikuwa imeota. Na waliobaki juu walichimbwa na watu wa kuuza. Dungusi jingine kubwa la huko lilikatwa kwa miaka mingi ili nyama yake ipikwe na sukari na kuwa peremende ya sikukuu. Siku hizi sheria ya Mexico inakataza.

Mwaka 2015 wataalamu walitoa taarifa kwamba karibu theluthi moja ya aina zote za madungusi, yaani asilimia 31, zimo hatarini. Wakusanyaji ni sehemu kubwa ya sababu. Mtu anayetaka aina ambayo jirani yake hana hulipa fedha nyingi, na mchimbaji hakosekani. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata madungusi zaidi ya 1,000 yaliyoibwa katika jangwa la Atacama, nchini Chile. Mengine yalikuwa na umri mkubwa sana. Mwaka uliofuata zaidi ya 800 yalirudishwa Chile.

Uko mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975. Tanzania na Kenya zimo. Watu hudhani mkataba huo ni wa pembe za ndovu tu. Lakini karibu madungusi yote yamo, na si hayo tu: imo pia mishubiri yetu ya porini, na jamaa za mnyaa wenye mwili mnene. Nchini Kenya, mwaka 1986 ilitolewa amri ya kukataza uvunaji wa mishubiri ya porini. Kwa hiyo mgeni akija kijijini na gari, akakupa fedha umchimbie mishubiri na minyaa ya mlimani, mpeleke kwanza kwa ofisa wa misitu. Mmea uliochukua miaka hamsini kwenye mwamba ataupakia kwa dakika tano.

Unaponunua dungusi, angalia kama limezaliwa kitaluni. Lililokuzwa kwa mbegu huwa safi, limenyooka, na mizizi yake ni mingi na myembamba. Lililochimbwa porini mara nyingi lina makovu, miiba iliyovunjika, kitako kigumu kama gome, na mzizi mnene uliokatwa kwa jembe. Hilo liache.

Upande wa pili upo pia. Mmea wa kigeni ukitoka chunguni kwenda malishoni, huenda usirudi. Wafugaji wa Laikipia, nchini Kenya, wanalijua hili. Mpungate ulioletwa wakati wa ukoloni kuwa ua na pambo umeenea katika malisho yao. Tembo na nyani hula matunda yake na kutawanya mbegu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakila, vile vijimiiba vidogo kama nywele huwatia vidonda mdomoni na tumboni, na wengine huchomwa macho wakapofuka. Imebidi waletwe wadudu maalumu wanaofyonza mpungate huo ili kuupunguza. Dungusi pipa halijafanya hivyo kwetu, kwa sababu halioti kwa kipande na linakua polepole mno. Hata hivyo, mmea uliokushinda usiutupe kichakani. Uchome, au uufukie ndani ya shimo refu.

Na ukiwa na ndugu ng'ambo ya mpaka anayetaka kukupelekea mbegu au mche, mwambie apitie kwanza ofisi ya ukaguzi wa mimea. Watampa cheti cha afya ya mmea. Kwa mche wa dungusi wataweza kumweleza pia kama kibali cha ule mkataba kinatakiwa, na wapi pa kukiomba kabla ya kufika mpakani.